Kutoka darasa la uchumi hadi meza ya uamuzi: mwongozo kwa mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa sera za umma

Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa pili anaweza kuchora mikunjo ya ugavi na mahitaji bila kuangalia daftari, na akieleza mnyumbuko wa mahitaji, yaani kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei inapobadilika, hakosei. Lakini ukimwuliza ni nani aliyeamua kwamba tozo ya miamala ya simu ianze kukatwa nchini Tanzania tarehe 15 Julai 2021, uamuzi huo ulipita katika ofisi zipi, na ni takwimu gani zilizokuwa mezani siku ulipopitishwa, mara nyingi atanyamaza. Simlaumu, kwa kuwa vyuo vyetu hufundisha nadharia na mbinu za takwimu, lakini ni mara chache kufundisha njia ambayo hesabu hupitia hadi ikafika kwa mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Utafiti wa sera za umma ni kazi ya kuipita njia hiyo, na kazi hiyo ina hatua ambazo mwanafunzi anaweza kuanza kuzifuata akiwa bado chuoni. Nimeuandika mwongozo huu nikiwalenga zaidi wanafunzi wa Tanzania na Kenya, kwa sababu ndiko ninakozijua ofisi, sheria na kalenda zake.

Hatua ya kwanza: tafuta uamuzi, usitafute mada

Angalia orodha ya tasnifu katika idara yoyote ya uchumi, na utakutana na vichwa vinavyofanana: "mchango wa huduma za fedha kwa simu katika kukuza uchumi", "uhusiano kati ya kodi na maendeleo". Hizo ni mada, na mada haina mwenyewe. Hakuna waziri, mkurugenzi wala diwani anayeamka asubuhi akiwa na swali la namna hiyo kichwani. Uamuzi, kwa upande wake, una mwenyewe, una tarehe na una gharama.

Tuchukue tozo hiyo ya miamala, kwa kuwa kila msomaji wa Tanzania aliyekuwa na simu mwaka 2021 anaikumbuka. Ilianza kwa viwango vya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea kiasi cha fedha kilichotumwa au kutolewa. Wananchi walilalamika, na mwezi Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika miaka miwili iliyofuata vilipunguzwa tena na baadhi ya makato yakafutwa. Ndani ya kipindi kifupi, kwa hiyo, kulikuwa na maamuzi kadhaa: kuanzisha tozo, kuweka ngazi za viwango, kupunguza, kufuta baadhi. Kila uamuzi ulihitaji jibu la swali la kiuchumi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili anao uwezo wa kuliuliza: mtu akikatwa zaidi anapotuma fedha, atapunguza kutuma kwa kiasi gani, na Serikali itabaki na mapato kiasi gani baada ya watu kupunguza?

Kabla hujasoma makala hata moja, jilazimishe kujaza sentensi hii: "Fulani, mwenye cheo hiki, ataamua jambo hili kabla ya tarehe hii, na jibu langu likiwa hivi atafanya hivi, likiwa vile atafanya vile." Ukishindwa kuijaza, bado huna swali la sera. Ukigundua kwamba atafanya jambo lilelile jibu lako liwe vyovyote, swali hilo liache hata kama data zake ni nzuri. Mimi naitumia sentensi hii hadi leo, na mara nyingi zaidi hunionyesha kwamba nilichokuwa nakiita swali kilikuwa bado ni mada tu.

Hatua ya pili: jifunze kalenda ya wanaoamua

Utafiti mzuri uliochelewa kwa wiki tatu huwa historia. Nchini Tanzania mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini fedha zake huanza kugawanywa mapema zaidi, pale Serikali inapotoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti kabla ya mwaka wa kalenda kwisha, kisha wizara, mikoa na halmashauri zikajaza makadirio yao. Bunge hukaa kikao cha bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, na hotuba ya bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni. Mwanafunzi anayepeleka matokeo yake mwezi Mei akitumaini kubadilisha fungu la wizara amefika wakati chakula kimeshapakuliwa. Kwa masuala ya kodi na tozo mlango hubaki wazi kidogo zaidi, kwa sababu Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa mwishoni mwa kikao.

Nchini Kenya kalenda imeandikwa ndani ya sheria kwa tarehe: taarifa ya sera ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, huku Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 118, ikilitaka Bunge kushirikisha wananchi. Kaunti 47 nazo zina mizunguko yao ya mipango na bajeti, na huko ndiko ninakoshauri wanafunzi wa Kenya waanzie, maana watu wanaochambua bajeti ya kaunti kwa makini ni wachache kuliko wanaochambua ya taifa. Yaliyotokea Juni 2024, Rais alipokataa kutia saini Mswada wa Fedha baada ya maandamano, yalionyesha jinsi mjadala unavyokuwa mgumu pale ambapo hesabu ya nani atalipa nini inawafikia wananchi baada ya uamuzi kukaribia mwisho.

Hatua ya tatu: soma majaribio yaliyofanyika karibu nawe

Wanafunzi wengi husoma mifano ya Marekani na Ulaya kwa sababu ndiyo iliyomo vitabuni, ilhali baadhi ya tafiti za sera zinazosomwa zaidi duniani zilifanyika Afrika Mashariki, katika shule na vijiji vinavyofikika kwa basi.

Kati ya mwaka 2013 na 2014, taasisi ya Twaweza pamoja na wachumi wa vyuo vikuu walifanya jaribio katika shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja shuleni. La pili, walimu waliahidiwa bonasi kulingana na idadi ya wanafunzi watakaofaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. La tatu lilipata vyote viwili, na lililobaki halikupata kitu. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu kwa kiwango kinachoonekana. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Shule zilizopata vyote kwa pamoja ndizo zilizosonga mbele waziwazi.

Soma tafiti ya namna hiyo ukiwa na kalamu, na usitazame matokeo peke yake. Jiulize kwa nini makundi yalikuwa manne wakati mawili yangetosha kupima ruzuku. Jibu ni kwamba wizara haichagui kati ya ruzuku na kutofanya lolote. Inachagua kati ya njia kadhaa za kutumia shilingi ileile, na jaribio lilipangwa lifanane na uchaguzi huo. Ukilielewa hilo, umeelewa tofauti kati ya utafiti wa kitaaluma na utafiti wa sera kuliko ambavyo mihadhara kumi ingekueleza.

Mfano wa pili ni wa Busia, magharibi mwa Kenya, ambako kuanzia mwaka 1998 wanafunzi wa shule 75 walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua, hata katika shule za jirani ambazo zilikuwa bado hazijapewa dawa, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa wachumi watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Jambo ambalo wanafunzi huliruka ni lile la baadaye: data ghafi zilitolewa kwa watafiti wengine, wakazichambua upya, wakapata makosa, na mwaka 2015 mabishano yakawa makali. Soma pande zote mbili za mabishano hayo. Utajifunza kwamba heshima ya mtafiti imo katika kuyaacha mahesabu yake yakaguliwe, na nitalirudia jambo hilo mbele.

Hatua ya nne: jenga ulinganisho unaoweza kuutetea

Hapa ndipo uchumi wa darasani unapokuwa na nguvu, na ndipo nitakaa kidogo.

Turudi kwenye tozo. Njia ya haraka ni kuchukua idadi ya miamala ya Juni 2021, kuilinganisha na ya Agosti 2021, kisha kusema kwamba kilichopungua kimesababishwa na tozo. Mkuu wa idara katika wizara atakuangusha kwa swali moja: mwezi huohuo wa Julai lita moja ya mafuta iliongezewa tozo ya shilingi 100, ugonjwa wa UVIKO-19 ulikuwa bado unazunguka, na biashara katika miezi ya mavuno si sawa na ya miezi mingine, sasa unajuaje kwamba ni tozo ya simu? Usipokuwa na jibu, karatasi yako imekwisha.

Unachohitaji ni kundi linganishi, yaani watu au miamala iliyopitia Julai ileile, mafuta yaleyale na ugonjwa uleule, lakini ikaguswa na tozo kidogo au isiguswe kabisa. Kwa kuwa tozo ilipanda kwa ngazi kulingana na kiasi kinachotumwa, unaweza kulinganisha miamala ya ngazi moja na ya ngazi nyingine. Nitatumia namba za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme wakala mmoja alikuwa akihudumia miamala 200 kwa wiki katika ngazi yenye makato makubwa, na baada ya Julai ikawa 150. Imepungua kwa asilimia 25. Katika ngazi yenye makato madogo alikuwa na miamala 300, ikawa 285. Imepungua kwa asilimia 5. Ile asilimia 5 ndiyo tunayoweza kuihesabu kuwa ni ya mafuta, ugonjwa na msimu, kwa sababu iliwagusa wote. Kinachobaki, tofauti ya asilimia 20, ndicho unachoweza kukihusisha na ukubwa wa tozo.

Kisha ishambulie hesabu yako mwenyewe kabla mwingine hajaishambulia. Kwanza, je, ngazi hizo mbili zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja katika miezi kabla ya Julai? Kama zilikuwa zimeshaanza kuachana tangu Machi, ulinganisho wako hausimami. Pili, je, watu waligawa fedha? Mtu aliyezoea kutuma shilingi 100,000 kwa mkupuo akaanza kutuma mara tatu kwa kiasi kidogo amepunguza miamala ya ngazi ya juu na kuongeza ya ngazi ya chini, na hivyo kundi lako linganishi limeguswa na sera yenyewe, na athari uliyoipata ni kubwa kuliko ukweli. Tatu, fedha ambazo hazikutumwa kwa simu zilikwenda wapi? Huenda zilibaki mfukoni, huenda zilipelekwa benki, huenda zilifungwa katika bahasha na kukabidhiwa kwa kondakta wa basi la mkoani. Kwa waziri, majibu hayo matatu ni maamuzi matatu tofauti.

Mwisho wa hatua hii ni ule ambao wanafunzi wenye uchungu na wananchi huusahau. Tozo ilikuwa na upande wa pili. Serikali ilieleza kwamba mapato yake yalikusudiwa kujenga vituo vya afya na madarasa. Ukipendekeza ifutwe, lazima uonyeshe fedha hizo zitatoka wapi, au useme waziwazi ni vituo gani havitajengwa. Pendekezo lisilo na gharama yake si pendekezo la sera, hata kama moyo wake ni mwema.

Hatua ya tano: data na zana

Data ni nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu Tanzania na mwenzake wa Kenya, KNBS, wana maktaba za data za mtandaoni ambako unaweza kuomba data ghafi za tafiti za kaya. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 Tanzania Bara, uliokadiria umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa asilimia 26.4, na ule wa Kenya wa mwaka 2015/16, uliokadiria umaskini kuwa asilimia 36.1, ni mahali pazuri pa kuanzia. Usizilinganishe asilimia hizo mbili moja kwa moja, kwa kuwa kila nchi ina mstari wake wa umaskini. Kwa miamala ya simu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu za kila robo mwaka, na Benki Kuu hutoa mapitio ya uchumi ya kila mwezi.

Kuhusu programu, jifunze moja vizuri. Stata bado inatumika sana katika taasisi za utafiti, lakini leseni yake ni ghali. R ni ya bure na inafanya kazi yote utakayoihitaji. Iwe ipi, andika kila hatua ya uchambuzi katika faili la amri, kuanzia kufungua data ghafi hadi jedwali la mwisho, na usibadilishe namba hata moja kwa mkono ndani ya jedwali la Excel. Mtu mwingine akiliendesha faili lako kwenye kompyuta yake lazima apate majibu yaleyale. Mabishano ya Busia yaliwezekana kwa sababu faili za namna hiyo zilikuwepo.

Hatua ya sita: nenda uwanjani

Ruhusa kwanza. Tanzania, vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na mwanafunzi hupata barua kupitia chuo chake. Kenya ni tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, NACOSTI. Barua hiyo haikufikishi kwenye kaya. Utakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, na kila meza inahitaji nakala yake yenye mhuri. Tenga siku za kutosha na uchapishe nakala nyingi. Msururu huo unachosha, lakini mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, milango hufunguka. Nchi zote mbili zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ni ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa hiyo majina na namba za simu za unaowahoji hutenganishwa na majibu yao siku hiyohiyo.

Sasa dodoso. Katika mradi mdogo wa kuuliza wafanyabiashara wa soko moja la Dar es Salaam kuhusu tozo, nilikuwa na swali lililosomeka, "Kwa mwezi uliopita ulilipa tozo ya miamala shilingi ngapi?" Lilikuwa limepitiwa na watu watatu wenye shahada za uzamili. Nilimwamkia mama lishe mmoja, akaniitikia marahaba huku akiendelea kugeuza chapati, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa. Akasema, "Mwanangu, tozo nasikia redioni. Mimi hapa naona makato."

Alikuwa sahihi kuliko dodoso. Ujumbe uliokuwa ukiingia kwenye simu yake ulimfanya aone kiasi kilichopungua, na ndani yake mlikuwa na ada ya kampuni na tozo ya Serikali pamoja. Naye hakuwa na sababu ya kuvitenganisha. Wale wote ambao kabla yake walikuwa wamenijibu kwa namba, walikuwa wamenipa makato yote, nami nilikuwa nimeyaandika kwenye kisanduku cha tozo. Na mwezi nao haukuwa kipimo chake. Alinieleza kwamba asubuhi hutoa mtaji wa mchele, maharage, mafuta na mkaa, mchana humlipa mwenye genge, jioni hutenga ya mchezo, yaani upatu, na watoto wake hula kutoka sufuria ileile anayouzia. Nikimuuliza faida ya mwezi ananipa namba kwa heshima tu, ili niondoke nikiwa nimeridhika.

Tulibadilisha maswali. Badala ya tozo ya mwezi, tuliuliza, "Mara ya mwisho kutuma au kutoa fedha ilikuwa lini? Kiasi gani? Naomba tuutazame ujumbe wake pamoja, ukiridhia." Badala ya faida ya mwezi, tuliuliza jana: jana ulinunua nini, kwa shilingi ngapi, na ulipofunga ulibaki na nini. Mahojiano yalirefuka kwa dakika kumi, lakini namba zikawa za kweli. Tangu hapo sijawahi kuamini dodoso ambalo mwandishi wake hajakaa nalo kwenye benchi la muuzaji angalau siku mbili kabla ya kulichapa.

Hatua ya saba: andika kurasa mbili

Tasnifu yako itakuwa na kurasa 80, na msomaji wake wa mwisho huenda akawa mtahini wa nje. Kwa mwenye kuamua, andika muhtasari wa sera wa kurasa mbili. Anza na uamuzi uliopo na tarehe yake, kisha jibu lako, kisha namba mbili au tatu zinazolibeba, kisha gharama, kisha mambo ambayo utafiti wako hauwezi kuyasema. Mbinu ziweke mwishoni kwa aya moja.

Sentensi kama "matokeo yanaonyesha kuwepo kwa uhusiano hasi wenye umuhimu wa kitakwimu kati ya viwango vya tozo na wingi wa miamala" iandike upya hivi: "Pale tozo ilipokuwa kubwa, mawakala walipoteza muamala mmoja katika kila mitano." Ni matokeo yaleyale ya mfano wetu wa kubuni, lakini sentensi ya pili mbunge anaweza kuisema akiwa amesimama. Andika Kiswahili kama msomaji wako ni halmashauri au kamati ya Bunge la Tanzania. Majadiliano huko yanafanyika kwa Kiswahili, na muhtasari wa Kiingereza humlazimisha mtu mwingine akutafsirie hoja yako, pengine vibaya.

Kabla ya kuchapisha takwimu zako hadharani nchini Tanzania, soma Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Mabadiliko ya mwaka 2018 yalibana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ya mwaka 2019 yakalegeza. Msimamizi wako akuongoze hapa, usijiongoze peke yako.

Hatua ya nane: ajira

Nafasi za kazi katika fani hii zinaeleweka vizuri zaidi ukiziona kama vituo katika safari ya uamuzi mmoja: kuna wanaokusanya takwimu, wanaozichambua, wanaoandika rasimu, wanaoamua na wanaokagua baadaye.

Serikalini, Tanzania, tafuta matangazo ya Mchumi Daraja la II, Afisa Mipango na Mtakwimu katika mfumo wa ajira wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wizara ya Fedha, Benki Kuu na Tume ya Mipango, iliyorudishwa kwa sheria ya mwaka 2023, ndizo zinazovutia wengi. Maoni yangu, ambayo najua wahitimu wengi hawayapendi, ni kwamba mchumi kijana akipangiwa halmashauri ya mbali amepata shule bora zaidi. Huko ataandaa bajeti nzima, atakaa na madiwani wakibishania zahanati ijengwe kata gani, na ndani ya miaka miwili atakuwa ameona fedha zikichelewa, zikihamishwa na zikitumika. Mtafiti aliyepitia huko haandiki mapendekezo hewa. Nchini Kenya, pamoja na serikali za kaunti, iko Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo kazi yake ni kuwachambulia wabunge hesabu zilizoletwa na Serikali.

Taasisi za utafiti ndizo zenye jina la fani. REPOA na ESRF, zote za Dar es Salaam, zilianzishwa mwaka 1994. KIPPRA ya Nairobi ilianza kazi mwaka 1999, na ina programu ya mwaka mmoja ya wataalamu vijana ambayo mwanafunzi yeyote wa Kenya anayehitimu uchumi anapaswa kuiweka katika kalenda yake. AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, imewasomesha wachumi wengi wa bara hili kupitia shahada za uzamili na uzamivu zinazoendeshwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu. Kwa kazi za majaribio na tathmini za athari, tazama mashirika ya utafiti ya IPA na Busara, yote yakiwa na ofisi Nairobi.

Ngazi ya kupanda inafanana karibu kila mahali. Utaanza kama mdodosaji wa mkataba wa wiki chache, ukionekana makini utakuwa msimamizi wa timu, kisha mtafiti msaidizi, na baada ya shahada ya uzamili, mtafiti. Mikataba ya mwanzo ni mifupi na kuna miezi ya kukaa bila kazi. Jipangie hilo mapema, na uzungumze na wazazi wako kabla hawajaanza kuuliza. Usione haya kuanza na udodosaji, kwa sababu mtu aliyehoji kaya 300 huyasoma majedwali kwa jicho ambalo mwingine hana.

Unapoomba nafasi ya mtafiti msaidizi, ambatisha ule muhtasari wa kurasa mbili na faili lako la amri. Barua ya kusifu bidii na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu kila mwombaji anayo. Ukichaguliwa, kwa kawaida utapewa mtihani wa saa mbili au tatu wenye data ghafi na maswali machache, na data hizo huwa zimewekewa mitego: umri wa miaka 999, ambao ni alama ya "hajui", kaya iliyojirudia, matumizi ya chakula yaliyoandikwa kwa maelfu katika wilaya moja na kwa shilingi kamili katika wilaya nyingine. Waombaji wengi hukimbilia mlinganyo wa swali la mwisho. Wewe anza kwa kuhesabu safu, kutafuta kaya zilizojirudia na kutazama namba ndogo kabisa na kubwa kabisa katika kila safuwima, kisha andika ndani ya faili ulichokikuta na ulichoamua, kwa sentensi ya wazi: "Kaya namba 0412 imetokea mara mbili, nimebakiza ya kwanza kwa sababu ya pili haina alama ya ridhaa ya mhojiwa."